Hodi Tatu Nilizoshindwa Kuzijibu

Kupitia kwa Nassibu Fundi Cherehani,
Temeke,
Dar es Salaam.
8 Septemba, 1956.

Mpendwa mdogo wangu Mwinjuma,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Mauwa, na kila aliye chini ya paa lenu hapo Tabora. Goti lako lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi limepoa? Na kifua cha Mauwa je? Mwambie asiache kunywa tangawizi hata akijiona mzima. Namjua mie, akipata nafuu ya siku mbili huanza kufua mablanketi.

Shikamoo yako ya barua iliyopita niliipokea. Marahaba, ndugu yangu. Naiandika kwa sababu kuitamka siwezi, na kwa nini siwezi nitakueleza, ila usianze kuhangaika kabla hujafika mwisho. Niko hai, miguu inatembea, mikono inashona.

Najua umeshangaa mwandiko. Umezoea ule wa Nassibu wenye mikia mirefu. Huu ulioinama kama mtu aliyebeba kuni ni wangu mwenyewe. Marehemu mume wangu Marijani, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi hizi miaka ile tuliyokuwa tukikaa Gerezani, nami nikaziacha zikaota kutu, maana ilikuwa rahisi zaidi kukaa kwenye kigoda cha Nassibu, mie niseme na yeye aandike. Kumbe hata kuandikiwa barua kunahitaji kinywa. Hii nimeianza juzi. Ukiona mahali wino umebadilika, ujue nilipumzika.

Basi sikiliza. Jumatatu ya tarehe ishirini na saba mwezi uliopita nilikwenda bombani kuteka maji. Kuna mtu alikuwa amefulia palepale, sakafu yote povu la sabuni. Nimeshajitwika debe langu, naondoka, mama mmoja kwenye foleni akasema kwamba watu wengine huteka maji kana kwamba bomba waliachiwa urithi. Nawe unanijua, neno halipiti kwangu bila kulipwa. Nikageuka na debe kichwani ili nimjibu. Mguu ukateleza, nikaenda chini, na debe likanishukia kidevuni. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mie siku ile nilijikwaa vyote viwili kwa pamoja. Jibu lenyewe sikulimaliza mpaka leo.

Taya la chini lilipata ufa mahali pawili, meno matatu yakalegea, na ulimi niliung'ata ukavimba ukajaa kinywani. Jumatano yake wakanifunga hospitali. Nasema kunifunga, maana ndivyo ilivyo. Daktari wa meno alilivisha kila jino pete ya waya nyembamba, akaisokota kwa koleo ndogo, kisha meno ya juu na ya chini akayaunganisha kama mtu anavyoshona mdomo wa gunia. Mpaka hapo sikulia. Nilipolia ni pale mpakaji dawa, msaidizi wake, aliponifasiria kwamba nitakaa hivyo wiki sita, mpaka Jumatano ya tarehe kumi Oktoba, wiki moja kabla ya Maulidi, na kwamba nisijaribu kusema hata neno, taya lisije likaunga upande.

Wiki sita bila kusema, Mwinjuma. Somoe binti Kondo! Najua unacheka hapo ulipo. Cheka tu, nakuruhusu, maana hapa Temeke wamekwisha cheka wengine kabla yako. Yule mama wa bombani, nasikia, anasema Mungu amenifunga mdomo kwa waya kwa sababu kamba isingetosha.

Maumivu yake si ya taya. Taya lenyewe linauma kwa adabu, linauma likinyamaza. Balaa ni waya. Kila mahali daktari alipousokota pamebaki ncha, na kila ncha ina shavu lake inalolichoma. Siku tatu za kwanza ndani ya mashavu mlikuwa vidonda vitupu, ufizi umevimba, na mate yananitoka kama mtoto anayeota meno. Nikilala ubavu huu nachomwa, nikigeukia ule nachomwa. Nilijifunza kulala nimekaa, mgongo ukutani.

Dawa niliyopewa ni kusukutua maji ya chumvi ya vuguvugu kila baada ya kula, na inasaidia. Lakini iliyoniokoa niliigundua mwenyewe. Unaikumbuka ile nta ninayopakia uzi wa kofia? Nikakata kipande kidogo kama punje ya mtama, nikakifinyanga kwenye vidole mpaka kikalainika, nikakibandika juu ya ncha ya waya. Shavu likapumua! Sasa kila asubuhi kabla ya jambo lolote nakaa na kioo cha Marijani cha kunyolea, nafinyanga punje zangu kumi na moja, nazipanga moja moja. Niliporudi hospitali kuangaliwa, mpakaji dawa alizitazama akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwonyesha kidole: mimi.

Chakula ni uji. Asubuhi uji, mchana uji uliotiwa tui, jioni mchuzi wa samaki uliochujwa kwa kitambaa. Nanywa kwa bua la jani la mpapai, nalikata, nalichemsha, nalikausha, napenyeza kwenye mwanya ulioachwa na jino nililong'olewa mwaka juzi. Lile jino nililililia sana, kumbe lilikuwa linanichimbia mlango wa riziki. Tambuu sijaigusa. Uzi siukati tena kwa meno, naukata kwa mkasi. Jirani wakikaanga dagaa naingia ndani nafunga dirisha, si kwa kiburi, ila harufu inanitoa machozi.

Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika ni nyumba kunyamaza.

Unakumbuka baraza langu lilivyokuwa baada ya alasiri. Wanawake sita saba, kila mmoja na kofia yake mkononi, na mie katikati naongea zaidi ya wote. Wiki ile ya kwanza walikuja kunipa pole. Wakakaa, wakanitazama, nikawatazama. Mmoja akasema, "Sie tunakuchosha bibi, pumzika tu," wakaondoka mapema. Kesho yake wakaja wawili. Kesho kutwa hakuja mtu. Siwalaumu. Walikuwa wanakuja kwa maneno yangu, na maneno yenyewe hayapo. Lakini nilidhani wanakuja kwangu.

Halafu kuna hili la hodi. Sikuwahi kulifikiri mpaka liliponifika. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivi: hodi moja, hodi mbili, hodi tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, na hata ukijua mwenyewe yumo ndani huna haki ya kusukuma mlango. Ni adabu, na mie niliwafundisha wengine kwa ukali. Sasa nipo chumbani, mlango umerudishiwa, mtu anapiga hodi zake tatu kwa heshima, mie nanguruma "mmm" ambayo haifiki hata ukumbini, na mpaka niinuke nijikongoje, mtu kesha kwenda. Nasikia nyayo zake zikitoka uani. Sasa nimetundika sinia la shaba kando ya kitanda, nalipiga kwa kijiko, na majirani nimewaarifu kwamba sinia likilia maana yake waingie. Wanasema kwa Somoe kuna ngoma kila siku. Lakini sinia hilo nilipata akili ya kulitundika baada ya kuchelewa, na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ni habari ya Mwamvita.

Nakuomba usome pole pole. Unajua jinsi tulivyoachana miaka miwili iliyopita, mie na mwanangu huyu mmoja niliyejaliwa. Alipokuja kuniambia anaolewa na Kamugisha wa reli, mtu wa Bukoba, nilisema nisiyopaswa kusema. Mwislamu kama sisi, anaswali kuliko kaka zetu wengine, ana kazi, ana adabu, na mie nikaona kosa lake ni kuzaliwa mbali na bahari. Nilisema sina mkwe mtu wa bara. Wewe uliniandikia kunionya, nami nikakurudishia barua ya jeuri. Mwandiko ulikuwa wa Nassibu, hata yeye aliinua kalamu akaniuliza, "Bibi, hili nalo niliandike?" Nikamwambia andika. Nisamehe kwa barua ile. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja.

Siku ile anaondoka nilimfuata mpaka mlangoni, na mbele ya watu nikamwambia asikanyage kizingiti changu tena mpaka mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nimwambie karibu. Hilo wewe hukulijua. Sikumwambia mtu. Akaenda zake Mtwara na mumewe kwenye ile reli ya kusini, na kwa miaka miwili sikupata hata salamu. Nami sikupeleka. Nilikuwa nangoja aanze yeye. Kila mwaka nilijiambia yeye ndiye mtoto, na mtoto ndiye anayeanza.

Akaanza, Mwinjuma. Alikuja Jumamosi iliyopita, tarehe mosi, siku ya tatu tangu nifungwe waya.

Nilikuwa nimelala na homa, kitambaa kimezungushwa kichwani na kidevuni, ulimi umejaa. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Nikasikia hodi. Mama hasahau sauti ya mwanawe, hata kwa hodi moja. Nikafungua kinywa kumwitikia, yaani nilitaka kufungua, na waya zikanivuta meno yote kwa pamoja mpaka nikaona giza. Hodi ya pili. Nikanguruma kwa nguvu zangu zote, damu ikajaa kinywani. Nikateremsha miguu, kichwa kikazunguka, nikaanguka kwa magoti kati ya kitanda na sanduku la kofia. Hodi ya tatu aliipiga taratibu sana, kama mtu anayejua jibu lake. Nikatambaa. Nilipofika ukumbini nikishika ukuta, nje palikuwa na jua tu na kuku wa jirani.

Jirani yangu wa upande ule ni Yustina, mwanamke wa Masasi, mkristo, amehamia miezi minne sasa, mtu mwema asiye na makuu. Alinikuta nimeshika mwimo wa mlango. Akanieleza, naye anafurahi kwamba nimepata mgeni. Anasema alimwona msichana mwenye sanduku la bati amesimama mlangoni, akamwambia, "Piga tu, dada, mama yumo, nimemwona leo asubuhi." Alitaka kusaidia. Habari ya kinywa changu hakumtajia, kwa sababu Mwamvita alijitambulisha kuwa ni mwanangu, na Yustina akaona mtoto hawezi kukosa kujua ugonjwa wa mama yake. Basi mwanangu akapiga hodi yake ya tatu huku anajua kwamba nimo ndani. Akangoja. Kisha akamwambia Yustina, "Asante dada. Mama bado hajaniita," akabeba sanduku lake.

Angekuwa mtu mwingine angeingia. Angesukuma mlango, angelikuta taya langu na vitambaa vyangu, na leo ningekuwa naandika barua ya furaha. Lakini huyu nilimlea mimi. Nilimfunza hodi ni tatu, na juu yake nikamwekea sharti la kinywa changu. Alinitii kwa yote mawili.

Yustina alisikia kwake kwamba mumewe amehamishiwa Tabora, kwamba wameshuka melini asubuhi ile kutoka Mtwara, na kwamba treni yao ni ya saa kumi na moja jioni. Nilichukua kanga, nikajifunika kichwa na kinywa, nikatoka na homa yangu. Nilipita Chang'ombe, nikapita Keko, kwa miguu, maana yule wa basi aliniuliza ninakwenda wapi na nilipomwonyesha kwa mkono akadhani naomba, akaniambia Mungu atanipa. Mtu asiye na kinywa mjini ni mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa hapa.

Nilifika stesheni treni ikiwa bado imesimama. Ndugu yangu, hapo ndipo palipo na kidonda. Kama ningechelewa ingekuwa afadhali. Nilikwenda kutoka behewa hadi behewa la daraja la tatu, natazama madirishani, na pale jukwaani kila mtu alikuwa akiita. Huyu anaita Asha, yule anaita baba Rajabu, mwingine anaita mtoto wake asitoe mkono nje. Watu mia wanaita, na mie peke yangu nimenyamaza. Jina la mwanangu lilikuwa hapa kooni, na halikuwa na njia ya kutoka. Nikapiga mbao za behewa kwa kiganja. Mlinzi akaja akanishika mkono akaniuliza ninamtafuta nani, nikatoa sauti ile yangu, akafikiri nimechanganyikiwa, akanisogeza nyuma kwa upole. Treni ikaanza kwenda. Katika behewa la tatu kutoka mwisho nikaona mgongo wa mwanamke aliyekaa kwa kulipa dirisha kisogo, na shingo ile naijua, nimeisuka tangu utotoni. Hakugeuka. Hakuwa na sababu ya kugeuka, hakuna aliyemwita.

Nilirudi nyumbani nikashika mkasi wa kofia nikate waya zote. Nilikwisha kuingiza ncha yake kwenye mwanya wa jino. Yustina akanipokonya. Akaniambia, "Ukikata leo utamwambia nani? Treni imekwenda, mama. Kaa upone uwe na mdomo wa kumwambia." Nikakaa chini sakafuni, nikalia kilio cha mtu aliyefungwa mdomo, ambacho sikuombei ukisikie.

Homa ilinishika siku tatu. Siku ya nne, Yustina ananichujia uji, akaniuliza kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, kama mjukuu anafanana nami. Nikamtazama. Akashangaa kwamba nashangaa. Anasema Mwamvita alikuwa na mtoto mgongoni, wa miezi mitano sita, amelala, na alipomwuliza jina lake akajibiwa kwamba anaitwa Somoe. Nikamwandikia kwa mkaa ukutani: sema tena. Akasema tena.

Waliosema majuto ni mjukuu hawakukosea. Mie yamenijia yote mawili siku moja, na yote mawili yakiwa nje ya mlango wangu.

Fikiri, Mwinjuma. Mtu nimemfukuza, amekwenda huko mbali akazaa bila mama yake kumshika mkono, na mtoto akampa jina langu. Alikuja kunionyesha somo yangu, na mie nikampa ukimya. Sasa yuko huko Tabora anaamini kwamba nilikaa ndani nikazihesabu hodi zake moja mbili tatu bila kuinua kope. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si waya. Waya zina tarehe yake ya kutolewa. Hili halina tarehe, na kila siku inayopita linazidi kuota mizizi kifuani kwake.

Najua hatakuja kwako. Ataona haya, maana wewe ni damu yangu, na atafikiri nimekwisha kukuandikia mabaya. Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo si desturi. Wewe ni mjomba, yeye ndiye wa kukujia na kukuamkia. Usingoje hilo. Mimi nilingoja miaka miwili, umeona nilichovuna. Nenda kwenye nyumba za watu wa reli, uliza Kamugisha aliyetoka Mtwara, upige hodi wewe. Mchukue na Mauwa, wanawake huambiana kwa haraka zaidi. Mwelezeni habari ya debe na ya waya. Kama hatasadiki, mwonyesheni barua hii, ajionee mwandiko, atajua mama yake hakuandika kwa mkono wake tangu baba yake alipofariki.

La pili, mpime Kamugisha kichwa. Chukua uzi, uzungushe juu ya masikio, ufunge fundo mahali unapokutana, unitumie ndani ya bahasha. Usikisie kwa macho kama ulivyonikisia kichwa cha yule rafiki yako, kofia ikamwingia mpaka puani. Kofia yake nimekwisha kuichora. Ni ile nakshi yangu ya vikuku viwili, niliyomshonea Marijani ya harusi, na tangu hapo sikumshonea mtu. Mkwe wangu ataivaa Maulidi hata kama ni huko bara. Nimeandika mkwe wangu. Umeiona. Msomee na hapo.

La tatu ni la kwangu mwenyewe, na naliandika kwa haya. Uniandikie. Hata mistari miwili. Niambie umempata au hujampata, usinifiche. Nassibu anapita posta kila Ijumaa, na Ijumaa nzima nitakaa mlangoni na sinia langu. Siku hizi natoa sauti kidogo, kama mtu anayesema na maji kinywani, lakini ni Yustina tu anayenielewa, na akienda kazini nabaki na kuku wake. Sikujua kama mtu anaweza kukaa katikati ya mji uliojaa watu kiasi hiki akawa peke yake namna hii.

Daktari akishanifungua tarehe kumi, nikiweza kutafuna hata wali, nitapanda treni ile ile. Usimwambie hilo. Asije akasafisha nyumba kwa ajili yangu kama mgeni. Nataka nifike, nisimame mlangoni kwake, nipige hodi mimi, na nijue ladha yake ya kungoja.

Nisalimie sana wifi yangu Mauwa, na mzee Hija jirani yenu aliyenipa asali nilipokuja kipindi kile cha msiba. Yustina anawasalimu ingawa hamjaonana. Nassibu naye anakusalimu, anasema mwandiko wangu utakuumiza macho, nami nimemjibu kwa kumtolea waya zangu.

Mungu awafunike kwa rehema yake, akulinde goti lako, amlinde Mauwa kifua chake, na asikufunge kinywa siku unayokihitaji.

Mimi ni dada yako nikupendaye, wa tumbo moja,

Somoe binti Kondo.

Hapa chini nimeacha nafasi, kisha nimeandika maneno machache. Kata karatasi kwa mkasi, umpe mkononi mwake. Usimsomee. Muache asome mwenyewe.

– – – – – – – – – –

Mwamvita mwanangu,

Nilikuwamo ndani. Nilizisikia zote tatu, na kila moja ina jibu lake.

Karibu.

Karibu.

Karibu, mwanangu, wewe na mumeo na somo yangu.

Mama yako.